Nani Anakulea: Mzazi au Simu?

Mazungumzo ya muuguzi mnasihi na wanafunzi wa kidato cha pili hadi cha nne. Tumeyachapa kama alivyoyasema, tumepunguza vicheko tu.

Marahaba, marahaba. Kaeni. Wale wa nyuma mnanisikia? Haya. Nawe msomaji ambaye hukuwepo ukumbini, vuta kiti, maneno haya ni yako pia.

Nimeitwa kuzungumza juu ya simu na mitandao ya kijamii. Najua mnachokisubiri. Mnasubiri niseme simu ni mbaya, someni vitabu, watiini wazazi, asanteni kwa kunisikiliza. Ningekuwa nimekaa pale karibu na dirisha ningeshaanza kusinzia. Sitasema hivyo. Simu ninayo, na mwanangu akichelewa kurudi usiku ndiyo ninayoishika mkononi. Leo nataka tuongee juu ya watu wawili wanaokaa nyumba moja, wanakula chakula cha sufuria moja, na hawazungumzi. Mmoja ni wewe. Mwingine ni yule aliyekununulia hiyo sare.

Mimi ni muuguzi. Siku tatu kwa wiki nakaa kwenye chumba cha huduma rafiki kwa vijana. Vijana wanaingia na kichwa kinachouma, na tumbo, na "sista, silali". Ukinyamaza, ukamwacha mtu aseme, baada ya robo saa habari yenyewe inatoka. Siku hizi habari hiyo mara nyingi ina simu ndani yake. Halafu nauliza, "Nyumbani wanajua?" Jibu lake nalijua hata kabla halijatamkwa.

Kiti cha somo

Kwani ni lini mzazi na kijana walikuwa wanaongea? Hebu tusidanganyane. Katika makabila yetu mengi mzazi hakuwa mtu wa kumweleza mwanawe mambo ya mwili, mapenzi na tamaa. Ilikuwa aibu. Kazi hiyo ilikuwa na wenyewe. Pwani, msichana akivunja ungo alikabidhiwa kwa somo, au kungwi. Kusini, Wamakonde na Wayao wana unyago na jando. Kule Uganda, Waganda wana ssenga, yaani shangazi, na mambo mazito ya msichana yanapitia kwake. Na karibu kila mahali kulikuwa na bibi na babu. Bibi anamwita mjukuu wake "mume wangu", wanataniana, wanacheka, na ndani ya utani huo mambo makubwa yanasemwa bila mtu kuona haya.

Sisemi kila kitu cha zamani kilikuwa kizuri. Kuna mafunzo yaliyowatoa wasichana shuleni wakaolewe, na kuna sehemu waliwakeketa, jambo ambalo sheria ya Tanzania imelifanya kosa tangu mwaka 1998 kwa msichana aliye chini ya miaka 18. Ninachosema ni hiki: mtu wa kuongea naye alikuwepo, alijulikana kwa jina, na nyumba yake unaijua.

Sasa tazama leo. Bibi amebaki Masasi, wewe uko Mbagala, chumba na sebule. Mama anatoka saa kumi alfajiri kuwahi samaki Feri. Baba ni dereva wa lori, akipakia mzigo wa Tunduma hamumwoni wiki nzima. Shangazi yuko Mwanza. Wengine wenu mmekaa bweni tangu darasa la tano, nyumbani mnakwenda kama wageni. Kiti cha somo kimekuwa kitupu miaka mingi, kabla hata hiyo simu haijatengenezwa. Simu imekikuta kitupu, ikakaa.

Kwa hiyo mama yako akinyamaza, au akiishia kusema "jichunge" bila kueleza ujichunge na nini, usifikiri hakupendi. Kazi hiyo hakufundishwa. Kwao ilikuwa ya mtu mwingine, na huyo mtu mwingine hayupo.

Kinachouzwa ni wewe

Somo wa zamani alipata nini kwa kukufunza? Kanga mbili na heshima. Na simu inapata nini? Hapo ndipo pa kusikiliza.

Facebook ilianza mwaka 2004, Instagram 2010, TikTok ikaingia nchi za nje ya China mwaka 2017. Hulipi kiingilio. Unanunua bando tu, na hela hiyo ni ya kampuni ya simu. Hao wenye mitandao wanaishi kwa nini basi? Kwa matangazo. Wanawauzia wafanyabiashara muda ambao macho yako yamekaa kwenye kioo. Ukikaa dakika kumi wanapata kidogo, ukikaa saa tano wanapata zaidi. Kwa hiyo wanaajiri watu werevu kabisa, na kazi yao ni kuhakikisha huondoki.

Mnakumbuka kitabu kina ukurasa wa mwisho? Gazeti nalo lina mwisho. Mwaka 2006 mbunifu mmoja Mmarekani, Aza Raskin, alibuni ukurasa usio na mwisho: ukisukuma kwa kidole, mengine yanakuja, ukisukuma tena, yanakuja tena. Baadaye amesema hadharani kwamba anajutia jambo lile. Mwaka 2009 Facebook wakaweka kitufe cha laiki. Kitu kidogo tu, kidole gumba. Lakini toka hapo mtu akiweka picha yake anakaa anasubiri, zimefika ngapi? Na hujui zitakuja lini wala ngapi, ndiyo maana unafungua tena baada ya dakika mbili. Ni mtindo uleule wa mashine ya kamari.

Na ninyi ndio wepesi zaidi wa kunaswa, si kwa ujinga, ni kwa umri. Ukishabalehe, ile sehemu ya ubongo inayofurahia sifa na kukubalika na rika inachangamka mapema. Sehemu ya mbele, hapa nyuma ya paji la uso, inayosema "ngoja kwanza, itakuwaje kesho?", yenyewe inaendelea kukomaa mpaka miaka ishirini na kitu. Kila binadamu amepitia humo. Mwalimu mkuu wenu amepitia. Msicheke.

Usingizi nao. Kijana wa miaka 13 mpaka 18 anahitaji saa nane hadi kumi kwa usiku. Saa ya mwili wako katika umri huu imesogea mbele, usingizi unachelewa kuja, kwa hiyo mama akisema hulali mapema kwa ukaidi, hapo mwili wako una shahidi. Lakini piga hesabu. Unazima simu saa saba usiku, unaamka saa kumi na moja uwahi daladala. Umelala saa ngapi? Nne. Kesho yake darasani Hisabati haiingii, mtu akikugusa unataka kupigana, jioni unalia bila sababu, na wiki ya tatu unakuja kwangu ukisema una malaria sugu. Tunapima, malaria hakuna.

Nisiwaambie kwamba wataalamu wote wanakubaliana, kwa sababu hawakubaliani. Mei 2023 Dk. Vivek Murthy, aliyekuwa Mganga Mkuu wa Serikali ya Marekani, alitoa tahadhari akieleza kwamba vijana wanaokaa kwenye mitandao ya kijamii zaidi ya saa tatu kwa siku wana hatari maradufu ya kupata dalili za huzuni na wasiwasi. Mwaka 2024 profesa Jonathan Haidt akatoa kitabu akilaumu simu moja kwa moja. Profesa mwenzake, Candice Odgers, akampinga: anasema ushahidi kwamba simu ndiyo chanzo bado ni hafifu, na kwamba mara nyingi kijana ambaye tayari ana matatizo ndiye anayekimbilia kwenye simu. Australia hawakusubiri ubishi uishe. Tangu Desemba 2025 wamezitaka kampuni kuwazuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti kwenye mitandao mikubwa.

Mimi ninayekaa kwenye kile chumba nasema hivi: usiniulize simu ina ubaya kiasi gani, niulize imekalia nafasi ya nini. Ikiwa imekalia nafasi ya usingizi, ya mpira wa jioni na ya mtu wa kuongea naye, hapo nina wasiwasi na wewe. Kama usingizi upo, marafiki wapo, na nyumbani mnaongea, chati na wenzako, cheka video zako, sina ugomvi.

Jambo moja nisilipite, kwa ajili ya akina dada hasa. Mwaka 2021 mfanyakazi wa zamani wa Facebook, Frances Haugen, alitoa nje nyaraka za ndani za kampuni hiyo. Katika uchunguzi wao wenyewe, wasichana 32 kati ya 100 walisema kwamba walipokuwa wanajisikia vibaya kuhusu miili yao, Instagram iliwazidishia. Kampuni iliyajua hayo. Ukitazama sura iliyolainishwa na programu, halafu ukajitazama kwenye kioo cha bafuni, utajiona umekosewa. Ndipo mtu anakwenda kununua mkorogo. Hiyo habari ya mkorogo inataka siku yake peke yake, naiacha.

Wazazi nao

Televisheni ilianza Tanzania Bara mwaka 1994. Zanzibar walikuwa nayo tangu 1973, wakatutangulia. Wazazi wenu wengi walikuwa wadogo au vijana miaka ile, na wazee wao walilalamika vilevile: hii televisheni na hivi vibanda vya video vitaharibu watoto, na muziki wenu huu wa kufokafoka ndio balaa lenyewe. Muulize mama yako alikuwa anatoroka kwenda kuangalia nini, na nyumba ya nani. Utashangaa.

Kuna tofauti moja lakini, na ni kubwa. Ile televisheni ilikaa sebuleni. Pengine ilikuwa moja kwa mtaa mzima, mnajaa mpaka dirishani. Ulichokiona, jirani kakiona, shangazi kakiona, na likitokea la aibu kila mtu anajifanya kukohoa. Simu unaitazama peke yako chini ya shuka. Mtu mzima hajui kama umeona picha ya harusi au umeona kitu cha kukunyima usingizi mwezi mzima. Hajui kwa sababu hana njia ya kujua.

Halafu naye mzazi ana simu. Hapa huwa mnapiga makofi! Ndiyo, nakubaliana nanyi. Mama ana kikundi cha vikoba, kikundi cha ukoo, cha msiba, cha harusi, cha wazazi wa darasa la mdogo wako. Unamwambia, "Mama, leo nimepata 78 ya Baiolojia," anajibu "eeh, vizuri" macho yako kioo. Mara mbili, mara tatu, mara ya nne husemi. Hakuna aliyepiga kelele, hakuna aliyekosewa adabu, na mlango umejifunga. Wazazi wakinialika kwenye kikao chao nawaambia maneno hayahaya, msidhani nawaonea ninyi.

Mpelelezi au msikilizaji?

Mzazi akiogopa, anapeleleza. Anafungua simu yako ukiwa bafuni, anauliza majirani, anampa mdogo wako peremende aseme. Mwaka 2000 watafiti wawili, Håkan Stattin na Margaret Kerr, walichapisha utafiti wao kutoka Sweden. Walichunguza vijana 703 wa miaka 14 pamoja na wazazi wao. Miaka yote wataalamu walikuwa wakiamini kwamba mzazi anayejua habari za mwanawe ni yule anayemfuatilia kwa karibu. Hawa walikuta kwamba sehemu kubwa ya kile mzazi anachokijua, amekijua kwa sababu mtoto mwenyewe alisema. Si kwa kumbana maswali wala kumwekea masharti.

Mnaelewa maana yake? Maana yake ufunguo unao wewe. Mama anaweza kukunyang'anya simu hata tatu, na akawa hajui kitu. Utaazima ya rafiki. Utafungua akaunti ya pili yenye jina la uongo. Nawafahamu, wengine hapa mna ya tatu. Anajua pale tu unapomwambia.

Na kijana anasema lini? Anaposema jambo dogo, akaona halikulipuka. Kijana akisema "nimefeli jaribio" akala mkanda, hawezi kusema "kuna mtu ananitisha". Hilo ni la wazazi kulijua, na nimeshasema nawaambia.

Habari ya binti mmoja

Nimepata ruhusa yake kusimulia, na nimebadilisha vitu vya kumtambulisha. Kidato cha tatu, miaka 16. Aliletwa kwa sababu hali chakula. Kwenye mtandao alikutana na kijana aliyejiita mwanafunzi wa chuo. Wiki tatu za maneno matamu, habari za asubuhi, umekula, umelalaje. Zingatieni hayo maswali. Nyumbani hakuna aliyekuwa anamuuliza umelalaje.

Kisha yule mtu akaomba picha. Kwanza ya uso. Kisha ile nyingine. Akatuma. Kesho yake asubuhi ujumbe umebadilika lugha: tuma shilingi elfu hamsini, la sivyo naipeleka kwa ndugu zako wote, haya hapa majina yao. Majina aliyapata kwenye orodha ya marafiki wa binti. Akatoa akiba yake. Haikutosha. Akavunja kibubu cha mama. Haikutosha. Akatakiwa picha nyingine. Mwezi na nusu anaishi hivyo, anaoga, anakwenda shule, anaosha vyombo, na mama yuko chumba cha pili.

Nikamuuliza, kwa nini hukumwambia mama? Akanitazama kama nimemtukana. "Sista, si atanichukua simu!" Anakamuliwa kupitia simu ile, na anachoogopa zaidi ni kuporwa simu ile. Usimcheke. Marafiki zake wote wamo mle. Kumpora ni kumfungia nje ya darasa.

Tulichofanya ni hiki, na ukikutwa na jambo kama hilo fanya vivyo hivyo. Hatukulipa tena hata senti, maana anayelipwa harudi nyuma, anapandisha bei. Hakutuma picha nyingine. Hatukufuta chochote: tulihifadhi ujumbe, namba na jina la akaunti, ndio ushahidi. Baada ya hapo tukamfungia njia asimfikie tena na tukaripoti akaunti kwa mtandao wenyewe. Ipo huduma ya bure ya mtandaoni iitwayo Take It Down, ilianzishwa 2023 kwa ajili ya picha za walio chini ya miaka 18. Picha haitoki kwenye simu yako. Inatengenezewa alama maalumu, na mitandao inayoshiriki huitumia alama hiyo kuizuia. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto. Na namba 116 unapiga bure, ni ya kusaidia watoto, Tanzania na hata Kenya. Kumtisha mtu namna hiyo ni kosa la jinai. Tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Kaka zangu, sheria hiyohiyo inakuhusu wewe uliyerushiwa picha ya mwanafunzi mwenzako kwenye kikundi cha darasa, ukairusha kwingine "kwa utani". Ukiituma na wewe umo. Ifute, na mwambie aliyetuma aache.

Mama yake je? Binti hakuweza kumkabili. Tukamwita kwanza mama mdogo wake, ambaye wanaelewana. Mama mdogo ndiye aliyekwenda kuongea, binti na mimi tukakaa nje kwenye mkeka. Mama alipotoka macho yalikuwa mekundu. Akasimama kimya muda mrefu mpaka mimi mwenyewe nikaogopa. Kisha akamuuliza mwanawe, "Umekula?"

Yule mtu hajakamatwa. Picha hazikusambazwa, angalau mpaka leo. Kibubu kipya kimenunuliwa na kimewekwa palepale.

Uanzie wapi?

Usimwite mama sebuleni ukamwambia "nina mazungumzo na wewe". Atadhani una mimba. Mambo haya yanakwenda vizuri mikono ikiwa na kazi: mnachambua mchicha, mnaanua nguo, mnatembea kwenda kituoni, baba anasafisha pikipiki na wewe umeshika ndoo. Hamtazamani usoni, na ulimi unalegea. Anza na jambo dogo. Anza hata na la mtu mwingine: "Mama, kuna rafiki yangu..." Wazazi wote wanajua huyo rafiki ni nani, lakini adabu imehifadhiwa kwa pande zote mbili. Hiyo ni mila nzuri, itumieni.

Muulize na yeye. Alipokuwa na miaka yako alimpenda nani? Aliandikiwa barua? Nani alimfunza? Ukimfungulia hapo utakaa mpaka ugali uungue.

Mkishazoeana, pendekeza mapatano, na usipendekeze ya kukubana wewe peke yako. Usiku simu zote zinalala sebuleni kwenye chaji, na ya baba imo. Wakati wa kula hakuna simu. Na hili la mwisho lisemwe kwa maneno kabisa: "Nikipata shida mtandaoni nikija kukuambia, usininyang'anye simu siku ileile. Tukae kwanza." Mzazi akikubali hilo, mmeshatoka mbali.

Wapo wenzenu ambao mzazi au mlezi mwenyewe ndiye hatari, anawapiga kupita kiasi au anawafanyia mambo yasiyofaa. Kwako wewe ushauri wa kuchambua mchicha hauhusiki. Nenda kwa mtu mzima mwingine: shangazi, mwalimu wa malezi, muuguzi, au piga 116. Na kama wa kwanza hakukusikiliza, nenda kwa wa pili.

Vikaratasi vyenu

Nimeomba mwandike bila majina. Nasoma vichache, muda umekwisha.

"Baba anasoma meseji zangu zote. Ana haki?" Uko chini ya miaka 18, kwa hiyo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mzazi wajibu wa kukulinda, na wajibu huo haukomei mlangoni mwa simu. Lakini sheria hiyohiyo inakupa wewe haki ya kutoa maoni. Itumie kwa heshima. Mwambie nani unaongea naye kabla hajatafuta, halafu omba akupunguzie kidogo kidogo. Anayejua kitu hana haja ya kukichungulia.

"Nabeti kwa simu ya kaka. Nimepoteza hela ya michango. Nifanyeje?" Kubeti ni kwa wenye miaka 18 na kuendelea. Usijaribu kuirudisha kwa kubeti tena, hapo ndipo watu wanapozama. Mwambie kaka leo, na nyumbani kesho, deni likiwa bado dogo. Ukishindwa kuacha, njoo kwangu, halina aibu.

"Mama hajui kutumia simu kubwa, ana kitochi. Ananiambia niache mambo ya simu lakini hajui hata ni nini." Mfundishe. Mkalishe, mwonyeshe video unazocheka, mwambie huyu ni nani na yule ni nani. Atauliza maswali ya ajabu, mvumilie, alikuvumilia ulipokuwa unauliza kwa nini mbuzi hana viatu.

Na hiki cha mwisho: "Mama yuko Oman miaka mitatu, anafanya kazi za ndani. Tunaonana kwenye video tu. Kwangu mimi simu ndiyo mama. Na unasema tuziweke sebuleni?"

Wewe usiiweke. Au iweke baada ya kuongea naye. Huko saa zao zimetangulia zetu kwa saa moja, kwa hiyo patana naye muda ambao kamaliza kazi, na muda huo usiukose kwa sababu ya video za watu. Isiwe kila siku ada na matumizi. Iegemeze simu kwenye ndoo ukiwa unapika, aione sufuria, akukosoe chumvi. Mwonyeshe daftari la Hisabati hata kama umepata 12. Mwambie nani kakukasirisha. Na umuulize yeye, taratibu, analala saa ngapi, anakula nini, nani anaongea naye. Inawezekana hakuna aliyemuuliza tangu afike.

Hiyo kengele. Vikaratasi vilivyobaki nimevichukua, na chumba changu kinafunguliwa saa tatu asubuhi Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Huhitaji kuja na mzazi.